Taa Hazififii

Sauti yenyewe ni fupi: ka. Siyo ile ka-ka-ka-ka ya betri iliyokufa, ambayo kila mwenye gari kuukuu anaijua. Hii ni ka moja tu, halafu kimya. Unarudisha ufunguo, unazungusha tena, injini inanguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Au inasema ka tena. Siku nyingine inasema ka mara nane, ya tisa ikawaka. Halafu zinapita wiki tatu nzima bila tatizo lolote, mpaka unaanza kusema limepona.

Gari ni Land Cruiser pikapu ya mwaka 1994, zile ambazo watu huziita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni mpaka usawa wa paa. Injini yake ni 1HZ, dizeli ya silinda 6, lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta. Toyota walianza kutengeneza familia hii ya magari mwaka 1984, na ukienda wilaya yoyote ya nchi hii utayakuta, ya hospitali, ya halmashauri, ya misheni, ya watalii. La kwetu lilikuwa la mradi. Baba alilinunua mnadani mwaka 2006, na mpaka leo mlangoni ukiangalia kwa jicho la pembeni unaona alama ya stika iliyobanduliwa.

Baba alifariki mwaka 2018. Gari likabaki kwa Mama, na halikubaki kama kumbukumbu, lilibaki kama jembe. Mama anauza nazi na mihogo Mbagala Rangi Tatu. Mzigo anaufuata Mkuranga, mara nyingine mbele zaidi, njia ya Kisiju. Dereva alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 24. Sote watatu tulikuwa tunaishi Charambe, nyumba ileile aliyotuachia Baba.

Mimi ni mhariri wa vitabu. Kazi yangu ni kukaa na sentensi za watu wengine na kuuliza kila moja inasema nini hasa. Mimi na stata ya gari, wapi na wapi. Nayaandika haya kwa sababu kuna sentensi moja ya maneno mawili ambayo niliambiwa mwezi wa pili mwaka 2021, nikaja kuielewa mwezi wa tisa. Hapo katikati niliharibu kitu ambacho hakina spea.

*

Ilianza alfajiri moja, saa kumi na nusu, Mama ameshajifunga khanga kichwani na magunia yako nyuma. Ka. Mdogo wangu akajaribu tena. Ka. Mara ya tatu likawaka, wakaondoka. Jioni nikaambiwa, nikasema betri hiyo.

Fundi wa kwanza naye alisema betri. Alikuwa na gereji bubu chini ya mwembe, jirani tu. Akaipima kwa kugusanisha waya, cheche zikaruka, akatikisa kichwa. Tukanunua betri mpya kwa shilingi 280,000. Gari likawaka vizuri siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu: ka.

Fundi wa pili akasema betri mpya haichajiwi vizuri, tatizo ni alternata. Akaishusha, akabadilisha kaboni na sijui nini kingine, 120,000. Wiki tatu safi kabisa. Mama akamwombea dua. Halafu ka.

Wa tatu akasema swichi ya ufunguo imechoka. Swichi mpya na ufundi, 85,000. Siku tisa.

Hesabu ni rahisi, laki nne na themanini na tano. Kilichonichukua muda kuelewa ni kitu kingine. Tatizo linalokuja na kuondoka humpa sifa yeyote aliyeligusa mwisho. Gari lingewaka siku zile kumi na mbili hata tusingenunua betri. Lingewaka zile wiki tatu hata alternata isingeguswa. Lakini sisi tuliona mkono wa fundi, kisha tukaona gari linawaka, tukaunganisha. Na kama tatizo la aina hiyo linavyogawa sifa bila mpango, ndivyo linavyogawa lawama. Sifa zilikwenda kwa mafundi. Lawama zilikwenda kwa aliyekuwa ameshika ufunguo kila gari lilipogoma.

Yule fundi wa pili ndiye aliyelisema wazi. “Dada, msinielewe vibaya, lakini kijana wenu anaacha redio inapiga usiku. Hakuna betri itakayostahimili.” Na kweli mdogo wangu alikuwa anapenda kukaa garini usiku akisikiliza singeli, mlango wazi, mguu mmoja nje. Nilikuwa nimemwona. Basi ushahidi ukatimia.

*

Ijumaa moja ya mwezi wa saba Mama alikuwa na oda ya nazi mia tatu kwa mpishi wa harusi. Zilitakiwa Jumamosi alfajiri. Wakapakia mzigo kijiji kimoja njia ya Kisiju, magharibi inaingia. Mdogo wangu alikuwa amezima gari wakati wa kupakia ili asichome mafuta. Akazungusha ufunguo. Ka.

Akarudia mpaka kidole kikauma. Watu wa pale walikuja kusaidia kusukuma, lakini gari lilikuwa limejaa nazi na matairi yako kwenye mchanga, na injini ya dizeli si kama ya petroli. Inagandamiza hewa zaidi ya mara 20, ndiyo asili ya kuwaka kwake, kwa hiyo kuisukuma mpaka izunguke ni kazi ya wanaume wengi na barabara ngumu. Wakashindwa. Mama alilala kwenye kebini, na mbu, na miguu yake ambayo huvimba akikaa muda mrefu. Saa nane usiku mdogo wangu akajaribu tena bila matumaini, likawaka mara ya kwanza.

Walifika Mbagala saa nne asubuhi, kwa sababu njiani tairi nalo lilipata pancha. Mpishi alikuwa ameshanunua kwingine. Mteja wa miaka sita, na hakurudi tena.

Mimi nilikuwa nimekesha na simu isiyopatikana. Nilipomwona Mama anashuka akishikilia mlango, viatu haviingii miguuni, nikamgeukia mdogo wangu. Nilianza na redio. Yeye hakupandisha sauti. Alisema, “Dada, siyo betri. Nimekwambia toka mwanzo. Taa hazififii.”

Nikamjibu, “Taa zinahusiana nini na stata?” Sikuuliza ili anijibu. Nilisema hivyo ili anyamaze.

Kisha nikasema lile neno. “Tangu Baba aondoke, hujawahi kuwasha kitu kikawaka.”

Mama alisema jina langu, mara moja tu. Mdogo wangu aliweka ufunguo mezani, juu ya mswada niliokuwa nahariri. Jumatatu alikuwa ameshahamia Bunju kwa rafiki yake, anaendesha bodaboda ya mkataba. Kutoka Mbagala mpaka Bunju ni kutoka mwisho mmoja wa jiji hadi mwingine. Alichagua mbali kabisa pa kwenda bila kutoka Dar es Salaam.

*

Tukapata deiwaka, mtu mzima, mtaratibu, asiyewasha redio hata mchana. Siku ya tano akanipigia simu kutoka Vikindu. “Anti, hili gari linasema ka.”

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu.

Huyo deiwaka ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja wa Tandika, mzee, aliyeanza maisha kama utingo wa malori enzi za hendeli. Nilimkuta amekaa juu ya ringi ya tairi, anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Linaumwa nini?”

“Haliwaki.”

“Haliwaki siyo ugonjwa,” akasema. “Stata inapiga, injini haishiki? Au stata yenyewe haipigi?”

Nilikuwa nimeshakutana na mafundi watatu na hakuna aliyeniuliza hivyo. Mzee akanieleza, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Dizeli haina cheche. Injini inagandamiza hewa mpaka inakuwa ya moto, dizeli inanyunyizwa humo, inaungua yenyewe. Kwa hiyo ikiwa stata inapiga vizuri na injini haishiki, unatafuta upande wa mafuta na joto. Pengine hewa inaingia kwenye bomba la mafuta, gari likilala dizeli inarudi tenkini, asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka. Pengine filta imeziba au imejaa maji. Pengine ile valvu ya umeme kwenye pampu, inayofungua mafuta ukiwasha swichi, haifunguki. Pengine plagi za kupasha joto zimekufa, ingawa kwa joto hili la Dar es Salaam unaweza kuchelewa kujua mpaka siku upande Lushoto. Pengine injini imechoka, haigandamizi tena.

“Lakini ikiwa stata haipigi kabisa,” akaendelea, “yote hayo yasahau. Usimguse mtu wa mafuta. Hapo ni umeme. Betri, vichwa vya betri, waya wa arthi, swichi, rilei, stata.”

“Haipigi,” nikasema. “Inasema ka, mara moja.”

“Likisema ka, taa zinafanyaje?”

Nikanyamaza.

“Taa za mbele. Za dashibodi. Zinafifia au zinabaki hivyohivyo?”

“Sijui, mzee.”

“Nani alikuwa analiendesha?”

“Mdogo wangu.”

“Yeye alisemaje?”

Hapo ndipo ile sentensi ilinirudia, na sauti yake, na saa yenyewe, na nazi nyuma ya gari. “Alisema taa hazififii.”

Mzee aliacha kufuta mikono. “Alikwambia lini?”

“Mara ya kwanza, mwezi wa pili.”

“Na sasa hivi ni wa tisa,” akasema. Hakusema zaidi ya hapo, wala haikuhitajika.

*

Maelezo yake ni haya. Stata ya gari kama lile inakula umeme mwingi mno kwa zile sekunde chache, kuliko taa zote za gari kwa pamoja mara nyingi. Betri ikiwa dhaifu, stata ikijaribu kuvuta, taa zinafifia papo hapo, maana wote wanakunywa kisima kimoja. Ikiwa taa zinabaki vilevile, maana yake umeme mkubwa haujaenda popote. Na ile ka? Juu ya stata kuna solenoidi. Ukizungusha ufunguo, waya mwembamba unaleta umeme mdogo, solenoidi inaruka, ndiyo hiyo ka, na kazi yake ni kugusanisha vipande viwili vya shaba ili umeme mkubwa upite kwenda kwenye mota. Ka inasikika, taa hazififii: mlango umesukumwa, haukufunguka.

“Kijana wako alikuwa ameshamaliza nusu ya kazi,” mzee alisema. “Betri mmenunua ya nini?”

Nilidhani atachukua spana hapohapo. Hakuchukua. Alisema waya wa arthi unaounganisha injini na betri ukiwa mbovu nao unaweza kufanya hivyohivyo: ka moja, taa zinang’aa. Na kwa wakati ule gari lilikuwa linawaka. “Nikilifungua leo nitakuwa nabahatisha kama wenzangu. Nitabadilisha kitu, litawaka, utanisifu. Mimi nataka nilikute linagoma.”

Akanipa masharti mawili. Kwanza, tuandike. Kila likiwashwa, saa ngapi, la moto au la baridi, mara ngapi limejaribiwa, taa zilifanyaje. Pili, likigoma tusijaribu tena. Tumpigie simu.

Wasomaji wa riwaya zetu za upelelezi watakuwa wameshamkumbuka Bwana Msa na kiko chake, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ilipotoka mwaka 1960. Mimi pia nilimkumbuka. Tofauti ni kwamba mtuhumiwa wa nyumbani kwetu alikuwa ameshahukumiwa na kuhama kabla mpelelezi hajaitwa.

*

Daftari ninalo mpaka leo. Siku kumi na nne, gari liliwashwa mara 61, likagoma mara tisa. Deiwaka alikuwa ananitumia meseji, mimi naandika. Mara nne lilikuwa la baridi, mara tano la moto, kwa hiyo joto halikutuambia kitu. Lakini safu ya mwisho, ya taa, ilikuwa na neno moja lililojirudia mara tisa: vilevile. Hakuna hata mara moja ambapo stata ilipiga na injini ikakataa kushika. Mafuta hayakuwa na kosa. Hata pale ambapo hatukujua chochote, gari lilikuwa linasema jambo moja tu kila siku.

Ila ile mara tisa, deiwaka alikuwa anajaribu tena. Nilimwelewa. Mkono hauwezi kuvumilia. Ka, na vidole vinarudia vyenyewe. Mara ya kumi nilikuwa nimeshika usukani mimi mwenyewe, Zakhem, asubuhi, nimetoka kununua mafuta. Ka. Nyuma yangu kuna daladala inapiga honi, kondakta ameshatoa kichwa nje. Nilijua kabisa kwamba nikizungusha tena pengine litawaka, niondoke, aibu iishe. Nikautoa ufunguo nikaukalia.

Vijana wakanisaidia kulisogeza pembeni. Mzee akafika kwa bodaboda baada ya nusu saa, na mfuko wa rambo wenye multimita, balbu moja iliyounganishwa na nyaya mbili, na spana tatu. Akaweka mawe kwenye matairi, akahakikisha gia iko huru, akaingia chini upande wa stata.

“Zungusha, shikilia.”

Ka.

“Rudisha. Zungusha.”

Ka. Kwa bahati liligoma mara nne mfululizo. Betri, 12.5. Nikiwa nimeshikilia ufunguo, 12.3, haijayumba. Kati ya mwili wa injini na kichwa hasi cha betri, karibu sifuri, kwa hiyo arthi haikuwa imekata. Waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo ulikuwa na umeme, kwa hiyo swichi iko sawa na rilei iko sawa. Nati kubwa ya solenoidi inayotoka kwenye betri, balbu ikawaka. Nati ya upande wa pili, inayoingia kwenye mota, balbu haikuwaka.

Alinifanya nishuke niione mwenyewe, yeye akamwomba kijana mmoja ashike ufunguo. Sentimita chache kati ya nati na nati. Huku balbu inawaka, huku giza. Miezi saba yetu yote ilikuwa imekaa hapo katikati.

Kisha akaigonga stata taratibu kwa mpini wa spana, akasema zungusha, likawaka. “Hii siyo dawa,” akapaza sauti juu ya mngurumo. “Kesho uje.”

Kesho yake alifungua kichwa hasi cha betri kwanza, ndipo akafungua kifuniko cha solenoidi. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya shaba, vidogo kama kucha za dole gumba. Kimoja kilikuwa kimeliwa nusu, ukingo wake umechongoka kama sabuni iliyoisha. Kila gari linapowashwa cheche ndogo inaruka pale na kula kidogo, kwa miaka. Siku ambazo ile sahani inayokuja kugusa imekaa upande mzuri, inagusa vyote viwili, gari linawaka. Siku ambazo imezunguka kidogo, inagusa kimoja, cha pili inakikosa kwa unene wa karatasi. Ka.

Alipokuwa akifanya kazi alinisimulia hendeli. Zamani lori likizimika, utingo ndiye stata. Unachomeka chuma mbele ya injini, unazungusha kwa nguvu, na ikirudi nyuma inavunja mkono. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Mmarekani mmoja, Charles Kettering, ndiye aliyetengeneza stata ya umeme iliyowekwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na hendeli ikaanza kwenda likizo. Mzee hakumjua Kettering, lakini alinionyesha kifundo cha mkono wake wa kulia, ambacho hakikunyooka mpaka leo.

Shaba mbili mpya na ufundi: shilingi 35,000.

*

Jumapili iliyofuata niliendesha mpaka Bunju. Barabara ya Kilwa, Mandela, Ubungo, Mwenge, halafu Bagamoyo, Tegeta, Boko. Mfukoni nilikuwa na vile vipande viwili vya zamani, nimevifunga kwenye leso. Njia nzima nilikuwa natunga sentensi, ndiyo kazi yangu, na zote zilikuwa nzuri mno, yaani za uongo.

Nilimkuta kijiweni, amelala juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani. Aliona gari kabla hajaniona mimi. Akakaa.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba.” Nikafungua leso. “Taa hazififii,” nikasema. “Ulisema toka mwanzo.”

Alichukua kile kilicholiwa, akakigeuza kwenye mwanga. Hakutabasamu, wala hakusema nilikwambia. Aliuliza, “Na sahani je?”

“Sahani gani?”

“Ile inayokuja kugonga hizi. Hizi zikiliwa hivi, na yenyewe inakuwa na shimo. Walibadilisha?”

Sikujua. Akaomba simu yangu, akampigia mzee, wakaongea kama watu waliofahamiana miaka. Shikamoo, maneno mawili matatu, akakata. “Ameipiga msasa. Hakupata mpya. Itashika mwaka hivi, itarudi tena.”

Nikasema, “Lile neno nililosema kuhusu Baba. Nilikosea.”

Akafunga vile vipande kwenye leso, akanirudishia. “Neno likitoka halirudi, dada,” akasema. “Lakini nimesikia.”

Hakurudi Charambe. Ningependa kuandika kwamba alirudi, na kwamba gari lilipowaka na familia nayo ikawaka, lakini maisha hayakwenda hivyo. Alikuwa ameshapata wateja wake, baadaye chumba chake, baadaye mchumba. Mama huenda kumtembelea. Mimi nikienda, ananitengea kiti kizuri kuliko vyote, na sijui kama hiyo ni heshima au ni umbali.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumsikia. Taa hazififii ni sentensi kamili. Ina mtenda, ina kitenzi, ina ushahidi ndani yake. Ingetoka kwa fundi mwenye multimita ningeiandika. Ilitoka kwa kijana wa miaka 24 anayesikiliza singeli gizani, nikaihesabu kama kisingizio. Na sasa najua alikuwa anafanya nini usiku ule, mlango wazi, mguu nje. Mama ndiye aliyeniambia. Alikuwa anawasha taa, anazungusha ufunguo, anaangalia mwanga ukutani, anazima. Redio ilikuwa ya kumliwaza tu.

*

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2022, miezi kumi na minne baada ya zile shaba, alfajiri, Mama ameshapanda, nilizungusha ufunguo. Ka.

Sikujaribu tena. Nikampigia Bunju. Alipokea kwa sauti ya usingizi.

“Limegoma?”

“Limegoma.”

“Taa?”

Niliangalia ukuta wa jirani, mwanga wa manjano umetulia juu ya matofali.

“Hazififii,” nikasema.

“Ni ile sahani. Msiguse kitu,” akasema. “Nakuja.”